Kereng'ende Asiye na Mto

Tulitoka Zigi, kwenye msitu wa Amani mkoani Tanga, saa mbili asubuhi, tukaingia msituni kwa njia ya miguu inayoanzia nyuma ya stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, na hadi saa nne na nusu tulikuwa hatujavuka kijito hata kimoja. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kukifungua kisa chote, ingawa wakati ule sikulitilia maanani. Ilikuwa mwisho wa Mei, masika yanaishilizia, majani bado yanadondosha maji ya mvua ya usiku.

Mzee aliyetuongoza alisimama ghafla na kuinua mkono bila kugeuka nyuma.

"Usisogee, mwanangu. Tazama utando ule."

Utando ulikuwa wa buibui wa msituni, umetandwa kati ya miche miwili ya msambu, mahali ambapo mwanga ulipenya kidogo. Mbele yake, hewani, palikuwa na kitu ambacho sikujua nikiweke kundi gani. Kilikuwa kama kijiti cheusi, chembamba na kirefu mno, kimelala hewani peke yake. Upande wa mbele ulikuwa na ukungu unaotetemeka, upande wa nyuma umetulia tuli. Kikasogea mbele kama upana wa kiganja, kikarudi, kikasogea tena. Kisha kikajitupa kwenye utando, kikatoka kinyumenyume, kikapanda juu kivulini. Buibui aliyekuwa katikati hakuwapo tena.

"Ni nini kile, Mzee?"

"Kereng'ende."

"Kereng'ende huku? Mbona hakuna maji?"

"Wa huku hawana mto," akasema, akaendelea na safari.

Maneno yale niliyasikia bila kuyasikiliza, na yalinigharimu siku nzima.

Nilichokwenda kutafuta

Nieleze nilichokuwa nacho kichwani siku ile, maana mtu akitafuta kitu fulani huanza kukiona kila mahali. Amani, katika Usambara Mashariki, ina kereng'ende wake ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Jina lake la kisayansi ni Amanipodagrion gilliesi. Alipewa jina hilo na Elliot Pinhey mwaka 1962, kwa heshima ya Gillies, daktari aliyekuwa akichunguza mbu wa malaria huko Amani na Muheza, na ambaye macho yake hayakuishia kwenye mbu. Mdudu huyu anahitaji kijito safi chenye kivuli cha msitu, na vijito vya namna hiyo anavyovitumia ni vichache sana. Mwaka 2012 aliwekwa katika orodha ya viumbe 100 walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Mwaka 2021 wataalamu walipopanga upya koo za kereng'ende kwa kutumia vinasaba, walimpa familia yake peke yake. Fikiria hilo: familia nzima ya wadudu, spishi moja, katika msitu mmoja wa Mkoa wa Tanga.

Huyo ndiye niliyetaka kumwona. Nilikuwa nimejipa siku tatu, na hii ilikuwa ya kwanza. Kwa hiyo kilipotokea kijiti kile chembamba kinachoelea, moyo ulishachagua jina kabla macho hayajamaliza kazi. Jioni, mtandao uliposhika, niliwaandikia rafiki zangu wawili wanaopenda wadudu: "Nimemwona." Sikupaswa kuandika vile. Nilikuwa na picha tatu tu, mbili zimetia ukungu, na hata ile ya tatu sikuwa nimeikuza kuiangalia vizuri.

Picha ya tatu

Dakika chache baada ya kumnyakua buibui, mdudu alining'inia kwenye kijiti kikavu, mita tatu hivi juu ya vichwa vyetu, akawa anakula. Nilipiga picha kutoka chini kwa upande. Nilipoifungua usiku ule pale nyumba ya wageni, nilijilazimisha kuanza mwanzo kabisa, kana kwamba sijui lolote.

Swali la kwanza lilikuwa kama huyu ni kereng'ende kweli. Linaweza kuonekana swali la kitoto, lakini yupo mdudu anayewapotosha wengi: fukufuku akishakuwa mtu mzima. Watu wengi wanamjua fukufuku akiwa mdogo, yule anayechimba vishimo vya mviringo kwenye vumbi chini ya uvungu wa nyumba na kuwasubiri sisimizi waporomoke. Akikua huota mbawa nne ndefu na tumbo jembamba, akaruka ovyoovyo jioni, na mtu akimwona kwa haraka humwita kereng'ende. Dalili ya kuwatenganisha iko kwenye papasio. Za fukufuku ni nene, zina kirungu mwishoni, huzikosi hata kwa mbali. Za kereng'ende ni fupi na nyembamba kama unywele, mara nyingi hazionekani pichani. Wangu hakuwa na papasio za kuonekana. Fukufuku akatoka.

La pili: kereng'ende wa kundi gani? Kiswahili hakina majina mawili hapa, na jina lenyewe lina kazi nyingi, maana ndege mmoja wa jamii ya kwale naye huitwa kereng'ende. Tunachokiita kereng'ende kwa wadudu ni makundi mawili makubwa. Wapo wanene, wenye macho makubwa yanayokaribiana au kugusana juu ya kichwa, na mbawa za nyuma pana kuliko za mbele. Hao ndio huonekana wakizunguka juu ya madimbwi barabarani baada ya mvua. Na wapo wembamba, macho yametengana kama ncha mbili za chuma cha kunyanyua mazoezini, mbawa nne zikilingana umbo na kunywea pale zinapoungana na mwili. Picha ilionyesha macho yaliyotengana waziwazi na mbawa zilizonywea shinani. Mwembamba, bila shaka. Wengi wa kundi hili hufunga mbawa wanapotua, lakini wapo wanaoziacha wazi, kwa hiyo jinsi alivyozishika sikuipa uzito.

Rangi pia sikuitegemea. Kwenye kivuli cha msitu wa mvua kila kitu huonekana cheusi au kahawia, na mwanga wa simu hugeuza njano kuwa nyeupe. Nimewahi kuona picha mbili za mdudu yuleyule, zilizopigwa dakika moja tofauti, zikipewa majina mawili kwa sababu ya rangi peke yake.

Kilichobaki ni urefu. Kile ambacho watu huita mkia wa kereng'ende ni tumbo lake, lenye pingili kumi. Tumbo la huyu lilikuwa refu mno. Kijiti alichoning'inia nilikipima kesho yake kwa kamba, nikalinganisha na picha: mdudu mzima alikaribia sentimita 9 au 10, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa tumbo. Kereng'ende wembamba wengi unaowakuta mtoni hawafiki nusu ya hapo.

Nikalala nikiwa nimetulia kiasi. Amanipodagrion naye ni mwembamba na ni mkubwa kwa kundi lake. Nikajiambia kwamba picha inakubali.

Pale hoja ilipovunjika

Niliamka saa tisa usiku mvua ikinyesha. Nikiwa nasikiliza maji yakitiririka kwenye bati, maneno ya yule mzee yakarudi: wa huku hawana mto.

Kereng'ende ni mdudu wa maji kuliko tunavyofikiri. Tunamwona hewani kwa sababu huko ndiko macho yetu yaliko, lakini sehemu kubwa ya maisha yake hupita majini akiwa lava, yaani mtoto ambaye bado hajaota mbawa, akiwinda kwa mdomo wa chini unaokunjuka ghafla mbele kama mkono na kunasa windo. Hewani huja mwishoni tu, kupandana na kutaga. Kwa hiyo, kila spishi ina maji yake. Mmoja anataka mto wenye mawe na maji yaendayo kasi, mwingine bwawa lenye majani, mwingine dimbwi la msimu. Ukiyajua maji, umeshawaondoa wengi kwenye orodha kabla ya kuhesabu hata mshipa mmoja wa ubawa.

Amanipodagrion anataka kijito. Sisi tulikuwa mbali na kijito, mwendo wa saa nzima na zaidi. Kereng'ende wanene wanaweza kutangatanga kilomita nyingi kutoka majini, lakini mdudu huyu alikuwa anaruka polepole, anaelea kama karatasi, na alikuwa anawinda pale kwa utulivu wa mwenye nyumba. Nilichukua daftari nikaandika swali moja: maji yake yako wapi?

Saa kumi na mbili nilikuwa mlangoni kwa mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona mapema hivi, mwanangu?"

"Jana ulisema wa huku hawana mto. Wanazaa wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyesubiri kuulizwa. "Kwenye miti."

Shimo la mkuyu

Alinipeleka kwenye mkuyu mkubwa, hatua kama mia mbili kutoka pale tulipomwona mdudu. Mizizi yake ilikuwa imesimama kama kuta, na mahali ambapo kuta mbili zilikutana palikuwa na bakuli la asili lililojaa maji meusi kama chai iliyokolea. Juu kidogo, usawa wa kifua, palikuwa na shimo jingine: tawi la zamani lilivunjika, mti ukaoza kwa ndani, mvua ikajaza. Mzee aliyajua mashimo haya tangu ujana. Walikuwa wakirina asali, na mtu aliyeko juu ya mti siku nzima hujua ni wapi atapata maji ya kunawa mikono.

Tulikaa. Naandika neno moja, lakini ulikuwa muda wa saa tatu na nusu, na ndiyo kazi halisi ya kutambua mdudu. Kama saa sita kasoro, mwanga ulipoangukia shina, alikuja. Alishuka kutoka juu kwa mruko uleule wa kuelea, akazunguka mdomo wa shimo, akatua kwenye kijiti cha jirani. Baada ya muda akaja wa pili. Wa kwanza akaondoka kijitini moja kwa moja na kumfukuza hadi nje ya mwanga, kisha akarudi palepale. Jambo hilo lilitokea mara mbili. Dume linalolinda kitu hulinda mahali ambapo jike litakuja kutaga. Shimo lile lilikuwa mali yake.

Hatukuwa na kibali cha kukusanya chochote katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na hata tungekuwa nacho nisingemkamata mmoja kati ya wawili niliowaona. Nilimulika tochi ndani ya shimo bila kugusa maji. Kwanza niliona viluwiluwi vya mbu, wengi, wakijikunjakunja. Halafu kimoja kikubwa cha rangi nyekundu iliyofifia, ambacho kilikuwa kinawala wenzake. Huyo ni mtoto wa mbu wa jenasi (yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) Toxorhynchites, na mbu huyo akikua hanyonyi damu ya mtu. Kisha, kwenye ukuta wa shimo chini kidogo ya uso wa maji, kitu kilichodhaniwa kuwa jani lililooza kilitembea. Kilikuwa na miguu sita, kichwa kipana, na nyuma yake vitu vitatu bapa kama majani madogo yaliyosimama.

Vile vitatu ndivyo vilivyonikalisha chini. Kereng'ende wembamba wakiwa majini huwa na mapezi matatu mwishoni mwa tumbo, yanayowasaidia kupumua na kuogelea. Watoto wa wale wanene hawana. Jambo hili lina uzito wa pekee hapa, kwa sababu wapo kereng'ende wanene wa misitu yetu wanaotaga kwenye mashimo ya miti. Wa jenasi Hadrothemis wamepatikana kwenye mashimo ya namna hii huko Kakamega. Mtu akikuta mtoto wa kereng'ende ndani ya mti hawezi kusema palepale ni nani. Lakini akiona mapezi matatu, orodha inafupika ghafla, na kwenye misitu ya mwambao wa Afrika Mashariki inabaki na jina moja tu ambalo mimi nalijua: Coryphagrion grandis.

Kwa nini nasema ni yeye

Nieleze uzito wa ushahidi kama ninavyouona mimi, maana picha yangu peke yake isingetosha mahakamani.

Kwa kawaida, kutenganisha spishi za kereng'ende zinazofanana huhitaji kuangalia vibanio vilivyo kwenye ncha ya tumbo la dume, vile anavyotumia kumshika jike shingoni. Picha yangu haionyeshi vibanio. Kwa jenasi nyingi hapo ningelazimika kuishia. Hapa kuna bahati: Coryphagrion ni jenasi yenye spishi moja tu. Ukishaifikia jenasi kwa uhakika, umeshafika kwenye spishi. Na jenasi hii inajitambulisha kwa maisha yake: mwili mrefu kupita kiasi, msitu wenye kivuli, uwindaji wa buibui kwenye tando zao, na utagaji kwenye maji yaliyokusanyika mitini. Kila moja ya hizo ikiwa peke yake inaweza kukudanganya. Zote nne mahali pamoja, ndani ya hatua mia mbili, kwa siku mbili mfululizo, sioni mdudu mwingine wa Usambara anayeweza kuzikusanya.

Udhaifu ninaoukiri ni huu: siwezi kuthibitisha kwamba lava niliyemwona ni mtoto wa spishi ileile iliyokuwa ikilinda shimo. Uthibitisho wake ungekuwa kumfuga hadi atoke, na hilo linahitaji kibali. Nilimtumia mtaalamu mmoja wa kereng'ende picha zote pamoja na maelezo ya shimo. Jibu lake lilikuwa fupi: alikubali jina, na akasema kwamba maelezo ya shimo yamemsaidia kuliko picha.

Jioni ile niliwaandikia tena wale rafiki zangu wawili, nikafuta nilichosema jana yake. Mmoja alisikitika kwamba siye yule wa Amani. Mimi sikusikitika hata kidogo, na sababu ndiyo ninayotaka kuieleza sasa.

Ndugu wa ng'ambo ya bahari

Coryphagrion grandis alielezwa kisayansi na Morton mwaka 1924. Neno grandis maana yake ni kubwa, na kwa mara moja jina la kisayansi linasema jambo ambalo hata mtoto angelisema. Anaishi katika misitu ya mwambao na vilima vya karibu nayo. Huko Shimba Hills, Kwale, nchini Kenya, wataalamu wamemchunguza, na Usambara Mashariki ni kwao pia. Tangu mwanzo aliwasumbua wataalamu, kwa sababu hakufanana na kereng'ende wa Afrika. Alifanana na wa upande wa pili wa Atlantiki.

Katika misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na Kusini wapo kereng'ende wembamba wakubwa kuliko wote duniani. Mmoja wao, Megaloprepus caerulatus, mbawa zake zikinyooshwa hufika sentimita 19. Nao huelea msituni polepole, hunyakua buibui kwenye tando na kurudi kinyumenyume, kisha hutaga kwenye mashimo ya miti yenye maji. Madume hulinda mashimo. Huko Panama, katika kisiwa cha Barro Colorado, Ola Fincke amewachunguza kwa miaka mingi, na alionyesha kwamba ndani ya shimo watoto wao hulana wao kwa wao, hivi kwamba shimo dogo hutoa mmoja au wachache tu.

Ukiyasoma hayo baada ya kukaa saa tatu na nusu chini ya mkuyu wa Amani, unashtuka. Ni maisha yaleyale, hatua kwa hatua, na katikati kuna bahari nzima.

Je, ni ndugu? Mwaka 2007, Groeneveld, Clausnitzer na Hadrys walilinganisha vinasaba vyao na kuona kwamba huyu wa kwetu ni jamaa wa karibu wa wale wa Amerika. Maelezo yaliyoendana na hilo yanavutia: Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa bara moja, zikatengana yapata miaka milioni 100 iliyopita, na huyu akabaki upande huu kama mtoto aliyeachwa bandarini. Mwaka 2019 ukatoka uchambuzi mwingine uliofikia mwisho tofauti: majitu haya ya msituni yako kwenye matawi mbalimbali ya ukoo, na mfanano wao umetokana na kuishi maisha ya aina moja. Yaani ukubwa, buibui na shimo la mti vilizuka zaidi ya mara moja.

Mimi si mtu wa maabara na siwezi kuamua kati ya wasomi. Lakini nikisema la moyoni, maelezo ya pili yananigusa zaidi. Kwamba alibaki kutoka bara la kale ni ajabu ya bahati. Kwamba msitu wa Panama na msitu wa Tanga, bila kuambiana, kila mmoja ulimchukua kereng'ende mdogo wa kawaida ukamrefusha, ukamfundisha kuelea mbele ya utando na kumpa shimo la mti badala ya mto, hilo linanieleza kitu kuhusu msitu wenyewe. Shimo ni dogo, halina samaki, na viluwiluwi wamejaa. Utando ni chakula kilichotundikwa hewani kwa yeyote mwenye mruko wa taratibu. Na sababu ya tumbo lile refu? Yapo mawazo kadhaa, na ya wazi zaidi ni kwamba ncha ya tumbo ndiyo inayofikisha mayai mahali yanapotakiwa ndani ya shimo.

Maji yanayotegemea mti mzee

Watu hulinda vijito. Ukimwambia mwanakijiji wa Amani kwamba kijito fulani kina kereng'ende asiyepatikana popote, anaelewa mara moja kwa nini sabuni na ng'ombe visishuke pale. Shimo la mti ni gumu kulitetea. Halina jina kwenye ramani, hukauka, na sifa yake kijijini ni moja tu, mbu. Sifa hiyo haikusingiziwa: baadhi ya mbu wa jenasi Aedes, ambao ndio jenasi inayobeba virusi vya homa ya manjano, huzaliana kwenye mashimo kama haya. Ila ndani ya shimo lenyewe mwenye mapezi matatu ndiye anayewala.

Na shimo halitengenezwi na mti mchanga. Tawi lazima liwe kubwa, livunjike, lioze polepole, na mti uendelee kuishi miaka mingi ukiwa na jeraha hilo. Katika Usambara Mashariki miti ya namna hiyo ndiyo iliyotangulia kwenda kwenye misumeno, hadi upasuaji mkubwa wa mbao kwa mashine ulipokoma miaka ya 1980. Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Iliki iliyopandwa chini ya kivuli cha miti mikubwa imeacha maeneo ambayo kwa mbali yanaonekana msitu mzima, kumbe chini miche imefyekwa na hakuna mti mdogo utakaorithi. Pale tulipomwona mdudu palikuwa salama. Kilima cha pili yake, nilihesabu mikuyu mitatu mikubwa tu kwa mwendo wa saa moja.

Kwa anayetaka kumtafuta, nashauri asianzie mtoni kama nilivyofanya. Aende msitu wa chini, baada ya mvua, atafute mti mkubwa wenye mizizi ya kuta, amulike mashimo bila kuchota, kisha asubiri mwanga wa saa tano hadi saa saba. Atazame pia tando za buibui zilizo kwenye mapengo ya mwanga. Akipiga picha, apige na shimo. Aandike kimo cha shimo kutoka ardhini, kina cha maji, na umbali hadi kijito cha karibu, hata kama umbali huo unaonekana hauna maana.

Daftari langu la siku ile lina mistari hii: mkuyu, shimo la juu, kimo mita 1.4, kina cha maji vidole vitano, kijito cha karibu mwendo wa zaidi ya saa moja, madume wawili, lava mmoja, viluwiluwi wasiohesabika.

Yule wa kijito cha Amani sikumwona katika siku zilizobaki. Nilimwachia mzee namba yangu na nikamwomba, akipita pale, alitupie jicho shimo. Februari, katikati ya kiangazi, kabla masika hayajaanza, alinipigia.

"Mwanangu, lile shimo lako la chini limekauka. La juu bado lina maji. Nimetumbukiza kijiti, vidole vitatu."

Nikamwuliza kama amemwona mwenye mikia mitatu.

"Nimemwona mmoja," akasema. "Mkubwa. Ila kiluwiluwi sikuona hata kimoja."